Ndevu ngumu, ngozi laini: jibu kwa msomaji wa Ilemela

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Ilemela, Mwanza. Nilizaliwa nikaandikwa mtoto wa kiume, lakini mimi ni mwanamke, na mwaka huu nimeanza safari ya kubadili jinsia. Nameza vidonge vya homoni, huu ni mwezi wa saba. Kinachonitesa ni ndevu. Ni ngumu, zimejikunja, na ngozi yangu haivumilii kitu. Nikinyoa leo, kesho shingo yote ni vipele, vikikauka vinaacha madoa meusi. Nimejaribu wembe wa visu vitano, dawa ya unga ya kunyolea, kibano, na krimu ya kuchanganywa niliyouziwa mtaani. Nilitegemea homoni zingezimaliza. Nimekosea wapi? Desemba dada yangu anaolewa, nataka nikae kwenye kiti changu uso wazi, si mtandio mpaka puani.

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya yote, weka kibano chini leo hii. Katika vyote ulivyovitaja, hicho na ile krimu ya mtaani ndivyo vinavyokuumiza zaidi, na nitakueleza kwa nini.

Ugonjwa wa shingo yako si mgeni kliniki, na wengi wanaokuja nao hawana habari yoyote na kubadili jinsia. Ni walinzi, askari, makarani, wanaume ambao kazi inawadai kidevu kitupu kila asubuhi. Nywele za kujikunja, kama za wengi wetu, hazitoki kwenye ngozi zimesimama. Kishimo chenyewe unamoota unywele kimepinda huko chini. Wembe ukipita unauacha unywele na ncha iliyochongoka kama mkuki. Ncha hiyo inakua, inapinda, inarudi kuchoma ngozi pembeni kidogo ya pale ilipotokea. Mwili unaipokea kama ungepokea mwiba wa sangara uliokwama: unavimba, unawasha, wakati mwingine unatunga usaha. Hicho ndicho kipele chako. Hakikuletwa na uchafu wala na damu chafu, na kukisugua kwa dodoki ni kukikasirisha tu.

Wembe wa visu vitano unaongeza balaa lake. Kisu cha kwanza kinaunasa unywele na kuuvuta juu kidogo, kinachofuata kinaukata kabla haujarudi, na kipande kilichobaki kinazama chini ya usawa wa ngozi. Siku hiyo ukijipapasa ni laini kama yai. Kesho yake unywele unaanza kuota ukiwa ndani, na badala ya kupita mlangoni unatoboa ukuta. Ule ulaini unaousifia Jumatatu ndio unaoulipia Jumatano. Kibano kinafanya yaleyale kwa kina zaidi, maana mara nyingi unywele unakatikia njiani, na hata uking'oka mzima, mpya unaanza safari kutoka chini kabisa kupitia njia iliyokwishaharibika. Uzi na nta vimo kwenye kundi hilohilo. Na majivu, yale ambayo bibi zetu wanayaamini kwa kung'olea nywele za sehemu nyingine, yabaki hukohuko.

Vitabu vya ngozi vina dawa moja wanayoiweka mbele ya zote: acha kunyoa. Ndevu hukua kama theluthi hadi nusu ya milimita kwa siku. Ukiziacha wiki nne hivi, zikikaribia sentimita moja, nyingi za zile zilizojichimbia hujichomoa zenyewe kama springi iliyoachiwa. Ni kweli, inafanya kazi.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu aliingia chumbani mgonjwa amejitanda mtandio mzito, mwezi wa kumi, na joto la Mwanza unalijua. Nikatazama shingo, nikautambua ugonjwa, nikaandika: aache kunyoa wiki nne. Nilijiona hodari. Akaisoma karatasi, akaikunja mara nne, akanishukuru, sikumwona tena. Ilinichukua muda kuelewa nilichomwandikia: kwamba ili apone vipele atembee mwezi mzima na zile ndevu zilizomleta kwangu. Dawa ilikuwa sahihi, aliyeandikiwa siye.

Walionifundisha njia ya pili ni askari. Askari naye anaumwa hivyohivyo na hawezi kufuga, mkuu wake hataki kusikia. Kwake tunatafuta kitu cha katikati: unywele ubaki juu ya ngozi, mfupi kadiri inavyowezekana, lakini usiingie chini. Ndilo ninalokuomba na wewe, ingawa najua ni gumu kwako kuliko kwake. Kivuli kidogo kinaweza kufichwa kwa poda. Shingo iliyovimba na kutoa usaha haifichiki kwa chochote.

Kwa hiyo kwa mwezi mmoja wa kuanzia usitumie wembe kabisa. Tafuta mashine ya kunyolea, ile ya kinyozi, yako peke yako, na upitishe bila kuivalisha kichana. Itaacha kama nusu milimita. Usiibonyeze kwenye ngozi, wala usivute shavu kwa mkono wa pili. Najua mkono wa pili unajiendea wenyewe, ushikishe kioo. Kama huna mashine na unalazimika kwenda saluni, usione haya kudai kichwa cha mashine kisafishwe vizuri mbele yako, maana ngozi iliyojaa vipele ina milango wazi, na homa ya ini na virusi vya UKIMWI haviulizi mtu ni nani. Chanjo ya homa ya ini B ipo. Kama hujachanja, hiyo ni safari ya maana kuliko nusu ya krimu ulizonunua.

Kila siku, kabla ya kulala, weka kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya vuguvugu shingoni kwa dakika kumi. Maji ya bomba, si ya ziwani. Kichocho cha ziwa letu, Victoria, kinaingia hata kwenye ngozi nzima. Baada ya hapo utaona baadhi ya nywele zimeinuka kama kitanzi juu ya ngozi. Kitanzi unachokiona unaweza kukiinua kwa ncha ya sindano safi, taratibu, mpaka kiachie, kisha unakiacha hapohapo. Usikivute. Usichokiona usikichimbe.

Ngozi ikitulia, rudi kwenye wembe ukitaka, ila wa kisu kimoja, mpya au uliotumika mara chache. Nyoa ukitoka kuoga. Jeli au krimu ya kunyolea ikae dakika tatu hadi tano ikilainisha, kwani unywele uliolowana unakatika kirahisi na ncha yake haichongoki sana. Fuata njia ndevu zinakoelekea. Shingoni zinazunguka kama kisulisuli, kwa hiyo siku mbili kabla zipapase, ujue kila upande unalala vipi. Pitisha mara moja. Pakibaki, mara ya pili, basi. Kwa siku za kawaida napendelea unyoe usiku, siku moja ndiyo siku moja hapana, ili ngozi ipate saa nane za kupumzika kabla ya jasho, vumbi na jua. Ukimaliza, maji ya baridi, kisha mafuta mepesi yasiyo na harufu. Spiriti na maji ya kunukia yanayowasha hayana kazi hapo. Wanaume wanayapenda kwa sababu yanauma, wanadhani kuuma ndiko kuponya.

Mtandio wenyewe nao uuangalie. Kitambaa cha nailoni kinachosugua shingo iliyonyolewa, chini ya jasho, ni msasa. Khanga ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ni bora zaidi.

Dawa ya unga umeisema kwa huzuni na sikulaumu. Kwa ngozi nyingine inafaa kuliko wembe, kwani inayeyusha unywele na kuacha ncha butu isiyochoma. Tatizo ni kwamba kinachojenga unywele ndicho hichohicho kinachojenga tabaka la juu la ngozi, na dawa haichagui. Ngozi yako ikishapona, unaweza kuijaribu chini ya taya, sehemu ya ukubwa wa shilingi, halafu usubiri siku mbili. Usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, na usirudie kabla wiki haijapita. Kwa sasa, na vidonda ulivyonavyo, hapana.

Turudi kwenye krimu ya kuchanganywa. Ni mkorogo, tuuite kwa jina lake. Humo ndani mara nyingi kuna steroidi kali, pengine haidrokwinoni, pengine zebaki, vitu ambavyo haviruhusiwi kwenye vipodozi vyetu. Steroidi kali inapoza uvimbe ndani ya siku mbili, ndiyo maana ulidhani umepata dawa. Ikiendelea, inaichuna ngozi mpaka inakuwa kama karatasi, inaleta vipele vipya kuzunguka mdomo, na kwa watu wengine inaotesha nywele zaidi palepale ulipopaka. Rudia kusoma hapo. Umekuwa ukilipia kitu kinachoweza kukuongezea nywele usoni. Kama umeipaka muda mrefu, ukiiacha ghafla uso unaweza kuwaka moto na kuwa mwekundu kwa wiki kadhaa. Hiyo si dalili kwamba unaihitaji. Nenda kliniki ukaipunguziwe kwa mpango. Kaa mbali pia na ule mrija wenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, ambao duka la dawa hukupa kwa kila kipele duniani.

Kinachofaa ni vitu vya pole. Uvimbe ukichachamaa, krimu ya hidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi ya pole, upake nyembamba, mara mbili kwa siku, isizidi wiki moja. Vipele vyenye usaha, jeli ya benzoili peroksaidi, ukianza na nguvu ndogo, na ujue inababua rangi ya taulo na kanga. Kwa madoa, naipenda zaidi asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20, kwa sababu inapunguza uvimbe na weusi kwa pamoja bila kuichubua ngozi nzima. Adapalini ya usiku husaidia nywele zisizibwe, lakini kwa ngozi kama yako ianze mara mbili tu kwa wiki, punje ya dengu kwa uso mzima. Usianze zote kwa mpigo. Anza moja, ipe wiki tatu, ndipo uongeze nyingine, vinginevyo uso ukiwaka hatutajua mshitakiwa ni nani.

Limau usipake kabisa. Maji yake yakikutana na jua yanaunguza ngozi na kuacha mabaka meusi kuliko yale uliyotaka kuyafuta. Na jua letu si la mchezo: Mwanza iko chini ya digrii tatu kutoka ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa yanakurudishia mwanga usoni. Kila doa lako jua linalitia wino upya. Losheni ya kukinga jua ya nguvu (SPF) 30 au zaidi, kila asubuhi, hata siku ya mawingu. Iliyotiwa rangi ya kahawia ni bora, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo inazuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Ile inayotengenezwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwa ajili ya wenye ualbino, waachie wenyewe. Madoa ya juujuu hufifia kwa miezi, mengine hadi mwaka. Singo ya maharusi, pamoja na uzuri wake wote, ina chembe zinazokwaruza, isifike shingoni.

Sasa homoni. Hapa hukukosea, hukuelezwa tu. Estrojeni, yaani homoni ya kike, na dawa za kuzima homoni za kiume hulainisha ngozi, hupunguza mafuta, na nywele za mwilini huanza kupungua kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, mabadiliko yakiendelea kwa zaidi ya miaka mitatu. Ndevu ni habari nyingine. Kishimo cha ndevu kikishageuzwa na homoni za kiume wakati wa balehe, hakirudi kuwa cha mtoto. Zitakua polepole zaidi, pengine nyembamba kidogo, lakini zitabaki. Kuongeza dozi hakutabadilisha hilo, kutaongeza hatari tu.

Na hatari ninayoiogopa ni hii: hukuniambia vidonge hivyo ni vipi. Wengi hapa wanameza vidonge vya uzazi wa mpango kutoka duka la dawa muhimu, viwili au vitatu kwa siku, kwa sababu ndivyo vinavyopatikana. Estrojeni iliyomo kwenye vingi vya hivyo hugandisha damu kuliko ile inayopendekezwa kwa kazi hii, na ukivuta sigara hatari inapanda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla, usingoje kesho, nenda hospitali usiku huohuo na utaje dawa unayomeza. Kama unatumia pia spironolaktoni, ambayo watu wanaijua kama dawa ya presha, inaweza kupandisha potasiamu mpaka ikasumbua moyo, na hilo halionekani kwenye kioo, linaonekana kwenye kipimo cha damu. Tafuta daktari wa kukupima. Ngozi inaweza kusubiri.

Najua unachowaza: nikienda nitaulizwa nini? Naijua nchi yetu, sheria zake na midomo yake, na simwambii mtu ajitangaze dirishani. Lakini sikiliza. Vipele vya ndevu ni ugonjwa wa ngozi unaojitegemea; unaweza kuingia kliniki ya ngozi na kusema "nikinyoa natoka vipele", ikaishia hapo. Wanawake wengi mjini hapa wana ndevu kwa sababu ya vivimbe kwenye mifuko ya mayai au urithi tu, wananunua krimu na poda zilezile, na muuzaji hashangai. Unalowajibika kumwambia anayekuandikia dawa ni orodha kamili ya dawa unazotumia. Historia ya maisha yako ni yako, na mhudumu wa afya unayemwamini ukaamua kumwambia anawajibika kuitunza siri. Ulizia kliniki ya ngozi kwenye hospitali kubwa, Bugando au Sekou Toure. Hata afisa tabibu aliyesomea ngozi anatosha kabisa. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha Moshi kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992.

Kuna krimu moja ambayo historia yake inatugusa watu wa ziwa. Eflonithini ilijulikana kwanza kama dawa ya malale, ugonjwa wa mbung'o ulioangamiza watu wengi mno upande wa kaskazini wa ziwa hili mwanzoni mwa karne ya 20. Dawa ilichelewa sana: Marekani iliiidhinisha kwa malale mwaka 1990, nayo inatibu ile aina ya Afrika Magharibi na Kati. Kisha ikaonekana inazuia kimeng'enya ambacho kishimo cha nywele hukihitaji ili kukuza unywele, na mwaka 2000 ikaruhusiwa kama krimu ya ndevu za wanawake. Haiondoi unywele, inauchelewesha. Unapaka mara mbili kwa siku, unaendelea kunyoa, na baada ya wiki nane hivi unaona unanyoa mara chache. Ukiiacha, ndani ya wiki nane nyingine umerudi ulikoanzia. Ni ghali na ni adimu, na kwa pesa ileile ningekushauri uanze kuweka akiba ya leza.

Leza, basi. Mwanga wake hutafuta weusi wa unywele, unageuka joto, joto linaunguza kishimo. Ngozi yetu nayo ina weusi uleule, na leza isiyofaa haitofautishi. Nimeona mashavu yenye mistari ya kuungua kama alama za wavu, kazi ya mashine iliyotengenezwa kwa ngozi nyeupe. Ya ngozi nyeusi ni ile ya nanomita 1064, inayopita tabaka la juu bila kulikaanga na kwenda chini kwenye kishimo. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, popote utakapokwenda, Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi, uliza: mashine yenu ni ya nanomita ngapi? Akijibu "inafaa ngozi zote", chukua mkoba wako. Akijibu 1064, omba ajaribu sehemu ndogo chini ya taya na akupe wiki kadhaa uone. Vile vimashine vya mwanga vya kutumia nyumbani, vinavyouzwa mtandaoni, si vya rangi yetu. Maandishi yao wenyewe huwa yanasema hivyo kwa herufi ndogo.

Utahitaji vipindi sita hadi kumi, kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa sababu leza inaua tu kishimo kilicho katika hatua ya kukuza unywele, vingine vimelala. Kunyoa kabla ya kipindi kunaruhusiwa, tena kunatakiwa. Kung'oa ni marufuku wiki nne kabla, kwani leza ikikuta kishimo kitupu haina cha kuunguza. Inauma, hasa mdomo wa juu. Mvi haizioni. Na kwa mtu mwenye vipele kama vyako ina faida ya ziada: hata kabla ndevu hazijaisha, zinazobaki ni nyembamba, hazina nguvu ya kutoboa ngozi. Nina wagonjwa walioanza leza kwa ajili ya kivuli wakaniambia baada ya kipindi cha tatu kwamba kilichowabadilishia maisha ni kulala bila kujikuna.

Ya kudumu kabisa ni sindano ya umeme. Mwaka 1875 daktari wa macho huko St. Louis, Marekani, Charles Michel, alieleza jinsi alivyotumia umeme kuua vishimo vya kope zilizogeukia ndani na kukwaruza jicho, taabu ambayo wazee wetu waliougua vikope wanaijua. Uzi mwembamba wa chuma unaingizwa kwenye kila kishimo, umeme unapita, kishimo kinakufa. Haijali rangi ya ngozi wala mvi. Ila ni kishimo kimoja kimoja, na ndevu za mtu mzima ni saa nyingi mno, mara nyingi zaidi ya mia, zilizotawanywa kwa mwaka mmoja au miwili na zaidi. Ningeitumia kumalizia kilichoachwa na leza. Sindano iwe mpya kwa kila mtu. Na angalia makovu uliyonayo, ya chanjo begani, ya kutoboa masikio: kama yamevimba yakapita mipaka ya kidonda, ngozi yako inaotesha makovu makubwa, na yeyote atakayekugusa lazima ajue kabla.

Tufike Desemba. Leza haitakuwa imemaliza kazi, usijidanganye, na wiki mbili kabla ya harusi usijaribu kitu chochote kipya usoni, hata nikupe mimi. Siku hiyo nyoa asubuhi badala ya usiku, kisu kimoja, saa mbili kabla ya kupamba, ili wekundu ushuke. Paka mafuta mepesi, kisha losheni ya jua, uyaache yakauke.

Kivuli cha ndevu kwenye ngozi yetu kina rangi ya kijivu kinachoelekea buluu, na ukipaka fandesheni juu yake moja kwa moja kinageuka majivu. Kizime kwanza kwa rangi ya chungwa. Usinunue kitu maalumu. Lipstiki ya rangi ya chungwa iliyoiva, au nyekundu inayoelekea chungwa kama wewe ni mweusi sana, inatosha. Gusa kidogo kwa kidole pale penye kivuli tu, gongagonga mpaka iwe kama ukungu, poda kidogo, ndipo fandesheni nyembamba ya rangi ya shingo yako, poda tena. Fanya majaribio mara tatu nyumbani, mojawapo saa saba mchana ukiwa na jasho, utembee nje ujitazame kwenye kioo cha gari. Mwanga wa chumbani ni mwongo.

Jasho likija ukumbini, kuwa na leso ya pamba. Gandamiza, usipanguse. Kuanzia jioni kivuli kitaanza kurudi, hiyo ni hesabu ya milimita tu, na pembe ya leso yenye poda kidogo itakufikisha kwenye keki. Usibebe wembe kwenye mkoba.